Tamko la Chama cha Kufa na Kuzikana kuhusu Msiba Wakati wa Mlipuko wa Marburg

Sisi wanachama wa chama cha kufa na kuzikana, wakazi wa mkoa wa Kagera, wake kwa waume, Waislamu na Wakristo, tuliokutana katika mkutano mkuu, tunatoa tamko hili kwa majirani zetu, kwa watoto na ndugu zetu walioko Mwanza, Dar es Salaam na ng'ambo, kwa viongozi wa dini, na kwa Serikali. Tunalitoa wakati mkoa umetulia, tena kwa makusudi. Utaratibu wa msiba haupangwi msibani, watu wakiwa wanalia.

Chama chetu kina kazi moja. Mtu akifariki, vijana wanachimba kaburi, turubai na viti vinafika, kina mama wanashika majiko, mweka hazina anatoa fedha za sanda au jeneza, na wale wanaojua kazi hiyo wanauosha mwili. Tumeifanya kazi hii kwa mikono yetu, na mikono hiyohiyo ndiyo njia kuu ya virusi vya Marburg. Hatuwezi basi kukaa pembeni tukisema haya ni mambo ya madaktari. Yanatugusa sisi kwanza.

Kagera imeshapigwa mara mbili. Tarehe 21 Machi 2023 ilitangazwa kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Bukoba Vijijini ni Marburg. Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni, watu 9 walikuwa wameugua na 6 kati yao wamefariki. Miongoni mwa waliougua walikuwamo ndugu wa karibu wa mgonjwa wa kwanza, na walikuwamo wahudumu wa afya waliowahudumia wagonjwa. Kisha tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba ugonjwa umethibitishwa wilayani Biharamulo. Safari hiyo walihesabiwa watu 10: wawili waliothibitishwa na maabara na wanane waliodhaniwa kuwa walikuwa nao. Wote 10 walifariki. Familia zao ni majirani zetu, na tunawapa pole kwa mara nyingine.

Virusi hivi hukaa kwa popo wakubwa wala matunda waishio mapangoni na kwenye mashimo ya migodi. Vikishaingia kwa binadamu, havisafiri kwa hewa kama mafua. Hupita katika damu, matapishi, kinyesi, mkojo, jasho, mate na majimaji mengine ya mgonjwa, au katika godoro, shuka na nguo zilizoloana majimaji hayo. Dalili hujitokeza kati ya siku 2 na 21 baada ya mtu kuambukizwa: homa kali ya ghafla, kichwa kuuma sana, maumivu ya misuli, halafu kuhara na kutapika, na kwa wengine damu kutoka puani, kwenye fizi au katika haja. Kabla dalili hazijaanza, mtu haambukizi wengine. Ubaya ni kwamba siku za mwanzo mtu yeyote atadhani ni malaria au homa ya matumbo, maana tumezizoea.

Lakini jambo ambalo chama cha mazishi lazima kilijue kuliko yote ni hili: kadiri mgonjwa anavyozidiwa ndivyo virusi vinavyoongezeka, na siku ya kufariki ndiyo siku mwili umejaa virusi kupita siku zote. Havifi na mwenyewe. Siku hiyo ndiyo sisi tunakuja kumwosha, kumfunga kidevu, kumvalisha, kumbusu. Afrika Magharibi waliliona hilo kwa Ebola, ugonjwa wa ukoo mmoja na Marburg, katika mlipuko wa 2014 hadi 2016 ulioua watu zaidi ya 11,000. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba nchini Guinea asilimia 60 ya maambukizi yalihusishwa na mazishi ya kimila. Walioambukizwa hivyo walikuwa wakitimiza wajibu kama wetu.

Kwa hiyo mkutano mkuu umeamua, na uamuzi huu unamfunga kila mwanachama. Mlipuko ukishatangazwa wilayani kwetu au wilaya ya jirani, hakuna mwanachama atakayeosha mwili, kuuvalisha, kuubeba wala kuuhamisha kabla ya wataalamu wa afya kuupima na kuruhusu. Iwe marehemu ni mzazi wetu, iwe ni mwenyekiti wa chama. Kifo kikitokea nyumbani, familia itatoka chumbani, itafunga mlango, na katibu atampigia mtendaji wa kijiji na namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo haitozi malipo. Simu hiyo ataipiga katibu ili mfiwa asionekane kwamba ndiye aliyemshitaki ndugu yake.

Tunawaomba mlielewe jambo hili kwa undani, kwa sababu ndiyo maana hasa ya tamko letu. Mfiwa hawezi kukataa kukumbatiwa. Mjane hawezi kumwambia wifi yake asimsogelee. Kijana hawezi kumwambia baba yake mkubwa kwamba hampi mkono. Akithubutu peke yake, ataambiwa ana kiburi, au hakumpenda marehemu, au kuna kitu anakijua kuhusu kifo hicho. Tumeona watu wenye akili timamu, waliosikia matangazo yote ya redio, wakikumbatiana kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwakatalia. Basi chama kinakataa kwa niaba yao. Mlipuko ukitangazwa, salamu yetu msibani itakuwa mkono kifuani, kila mtu akiwa amesimama mbali na mwenzake, na atakayeuliza kwa nini ajibiwe kwamba ni agizo la chama. Lawama zote zije kwetu, tumekubali kuzibeba.

Hatutalala msibani wala kutandika nyasi na mikeka ya kulalia waombolezaji mpaka mlipuko utangazwe kwisha. Hapatakuwa na chakula cha pamoja wala rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kupokezana kibuyu. Rambirambi zitatumwa kwa simu na jina la kila mtu litaandikwa daftarini na katibu. Ndugu walioko mbali wasisafiri. Tunajua jinsi Mhaya, mwenyeji wa mkoa huu, aliyeko Dar es Salaam anavyoumia asipofika kumzika mzazi wake, na hatulisemi hili kwa wepesi. Aliyefariki kwa ugonjwa huu mji mwingine atazikwa hukohuko. Matanga yatafanyika baadaye, na chama kitayagharimia kama ilivyo desturi, hata kama ni baada ya miezi mitatu.

Heshima ya marehemu hatuiachi. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani, likishauriana na mashirika ya dini ya Kiislamu na ya Kikristo, lilitoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima. Mwongozo huo unaruhusu familia kushirikishwa katika kuchagua mahali pa kaburi, viongozi wa dini kusali wakiwa mbali kidogo, na Mwislamu kutayamamiwa na kuvishwa sanda na watu waliofunzwa, badala ya kuoshwa kwa maji. Tunataka hayo yafanyike kwetu. Tunaiomba Serikali kwamba pale inapowezekana mtu wetu azikwe katika kibanja chake, karibu na migomba ya baba zake, na kwamba wataalamu wanaokuja na mavazi ya kujikinga wajitambulishe kwa wafiwa kabla ya kuyavaa, ili watu wazione sura zao na kujua majina yao. Kaburi liandikwe jina. Familia ielezwe kila hatua kabla haijafanyika. Tumezika kwa miaka mingi, na tunajua kwamba watu wakinyimwa mazishi mchana huenda kuzika usiku.

Sasa mgonjwa akiwa bado hai. Hapa tunataka watu wafanye haraka kuliko walivyozoea. Marburg haina chanjo wala dawa iliyoidhinishwa, lakini matibabu yanasaidia sana: maji ya mwilini yakirudishwa mapema, shinikizo la damu likiangaliwa, maambukizi mengine yakitibiwa. Jirani zetu Rwanda walipata mlipuko mwishoni mwa mwaka 2024. Watu 66 waliugua, wengi wao wahudumu wa afya waliogundulika na kutibiwa mapema, na waliofariki walikuwa 15. Linganisheni na Biharamulo, ambako hakuna aliyepona. Anayemficha mgonjwa chumbani, au anayemzungusha kwa waganga kwanza, anamnyima nafasi hiyo.

Wakati gari linasubiriwa, mgonjwa akae chumba chake, ahudumiwe na mtu mmoja tu, mwenye glovu, barakoa na nguo ya mikono mirefu. Wajawazito na watoto wasiingie kabisa. Awekewe maji ya kunywa na maji yenye chumvichumvi za kutibu kuhara mahali anapofikia mwenyewe. Vyombo vyake visitumiwe na mwingine. Matapishi yasifutwe kwa kitambaa mkononi. Yamwagiwe maji ya klorini na kuachwa mpaka wataalamu wafike. Mikono ioshwe kwa maji tiririka na sabuni, na ndoo yenye koki iwekwe mlangoni. Chama kitanunua ndoo hizo kabla ya mlipuko kuja, pamoja na katoni za sabuni, klorini na glovu, na vitu hivyo vitatunzwa pamoja na sufuria na turubai zetu. Hata nje ya mlipuko, watu wasiingie mapango yenye popo, na tunda lililotafunwa na popo litupwe, hata kama limeumwa upande mmoja tu.

Waliomgusa mgonjwa watafuatiliwa siku 21. Ni muda mrefu kwa mtu anayeishi kwa kibarua, anayevua samaki ziwani, anayeuza ndizi gulioni. Tumegundua kwamba watu hawakimbii ufuatiliaji kwa ukaidi, wanakimbia njaa. Mkutano mkuu kwa hiyo umebadilisha katiba yetu. Mfuko uliokuwa wa wafu peke yao sasa utawahudumia pia walio hai. Kaya iliyo chini ya uangalizi itapelekewa unga, maharage, ndizi, mafuta, sabuni, kuni na vocha ya simu, na vitu hivyo vitawekwa langoni. Ng'ombe na mbuzi wake watakatiwa majani na vijana wa chama. Kahawa yake ikiiva, tutaichuma na kuianika, na fedha atapewa mwenyewe. Godoro na nguo zikichomwa na wataalamu, chama kitanunua nyingine mara baada ya siku kuisha. Michango ya mwaka itaongezwa kwa ajili hiyo, na wanachama wamekubali kwa kunyoosha mikono.

Aliyepona ni wetu. Hatutamkimbia kisimani, hatutasusa duka lake, hatutawatoa watoto wake shuleni. Mkoa huu ulishaonja unyanyapaa tangu 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa hapa kwetu, na wazee waliomo chamani wanakumbuka jinsi jina la Mhaya lilivyotajwa safarini na katika nyumba za kupanga. Marburg yenyewe haikuzaliwa Kagera. Ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1967 huko Ujerumani na Belgrade, kwa wafanyakazi wa maabara waliougua baada ya kushika tumbili walioletwa kutoka Uganda. Jumla ya watu 31 waliugua na 7 walifariki, na hakuna anayewatenga watu wa kule kwa sababu ya ugonjwa huo. Mwanachama atakayempa aliyepona jina la kejeli, au kuieneza picha ya maiti au ya mgonjwa kwenye simu, ataitwa mbele ya kamati na kutozwa faini. Wanaume waliopona wazingatie pia wanachoambiwa hospitalini: virusi huweza kubaki kwenye shahawa kwa miezi mingi, kwa hiyo watumie kondomu kwa mwaka mzima, au mpaka vipimo viwili vioneshe kwamba wako salama.

Kwa Serikali tuna neno moja zaidi, na tunalisema kwa heshima. Katikati ya Januari 2025 tulisikia kwanza kwamba sampuli hazikuonesha virusi, na siku chache baadaye tukasikia kwamba kisa kimethibitishwa. Tunaelewa kwamba vipimo huchukua muda na kwamba sampuli moja haimalizi kazi. Katika siku hizo chache, hata hivyo, misiba haisimami. Tunaomba tuambiwe mapema kwamba bado mnapima, na kwamba wakati mnapima tusioshe miili. Neno hilo litatutosha, wala halitatutia hofu. Tunaomba pia wahudumu wa zahanati zetu wapewe vifaa vya kujikinga muda wote, maana wao ndio wanaompokea mgonjwa wa kwanza kabla hajajulikana ana nini.

Mgonjwa wa mwisho aliyethibitishwa Biharamulo alifariki tarehe 28 Januari 2025 na akazikwa kwa utaratibu wa mazishi salama. Zilihesabiwa siku 42, ambazo ni mara mbili ya muda mrefu kabisa kati ya kuambukizwa na dalili kujitokeza, na tarehe 13 Machi mlipuko ukatangazwa kwisha. Chama kitafuata hesabu hiyohiyo. Maagizo yaliyo katika tamko hili yataanza kutumika saa ile mlipuko utakapotangazwa, bila kusubiri mkutano mwingine, na yataondolewa baada ya Wizara kutangaza mwisho wake.

Nakala za tamko hili zitasomwa misikitini, makanisani na kwenye mikutano ya vitongoji, na moja itabandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari la chama. Mwanachama asiye na namba ya simu ya katibu aichukue leo kabla ya kuondoka.

Limepitishwa na mkutano mkuu na kutiwa saini na Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina kwa niaba ya wanachama wote.