Familia Zilizo Gesti Nazo ni Jirani Zetu



Gesti za Mwananyamala, za Komakoma hata za Msisiri, zina sifa isiyopendeza, na sifa hiyo imetuziba macho. Mama anayetoka humo alfajiri na watoto waliovaa sare za shule hudhaniwa mambo yasiyokuwapo. Naye, kwa kuijua dhana hiyo, hupita uchochoroni asionekane, wala hathubutu kumweleza mtu msikitini kwamba kodi ilimwishia na vyombo vyake vikatolewa nje. Suratul Hujurat, aya ya 12, imetukataza dhana ya namna hiyo. Ajabu ni kwamba tunaikariri aya, kisha tunamkwepa mama huyo.

Huenda msomaji akauliza: mwenye pesa ya gesti atakosaje ya kupanga? Tufanye hesabu ya mfano. Chumba cha gesti cha shilingi 10,000 kwa siku ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Chumba cha kupanga cha shilingi 60,000 kwa mwezi ni nafuu mara tano. Lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 360,000, na dalali anataka yake ya mwezi mmoja. Mchuuzi wa samaki hupata ya leo leo. Hizo 420,000 hazikusanyiki mkononi mwake, kwa kuwa gesti inazila kila jioni. Isitoshe, gesti hairuhusu kupika, hivyo kila mlo hununuliwa kwa mama lishe. Sheria ya Marekani iitwayo McKinney-Vento humhesabu mtoto anayeishi moteli kwa kukosa pengine kuwa hana makazi, na shule humpokea hata kama hana hati za makazi. Hatuoni kwa nini sisi tumhesabu vinginevyo.

Maafa ya wengi huonekana. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipowatoa watu mabondeni, walihifadhiwa mashuleni, kisha wengine wakapelekwa Mabwepande kwenye mahema na viwanja. Bomoabomoa ya Bonde la Mkwajuni, Desemba 2015, iliandikwa magazetini. Familia moja inayotolewa chumbani Jumanne jioni haiandikwi popote.

Madina walikuwapo Ahlu Suffa, Masahaba wasiokuwa na nyumba, waliokaa chini ya kivuli cha Msikiti wa Mtume (s.a.w.). Hawakufichwa. Mtume aliwagawa kwa wenye chakula, kila mmoja achukue wa kwenda naye nyumbani. Na Saad bin Rabii alipomtolea Abdulrahman bin Auf nusu ya mali yake, yule muhajiri alishukuru, akaomba aonyeshwe soko. Wengi wa walioko gesti wanaomba jambo kama hilo: wavushwe kikwazo kimoja tu, kisha waendelee na biashara zao.

Kikwazo hicho ni ile kodi ya mkupuo. Mafakiri, masikini na wenye madeni wamo katika wanane waliotajwa Suratut Tawba, aya ya 60. Basi kamati ya msikiti ikusanye sehemu ya zaka kwa ajili ya kodi za namna hii. Tunasisitiza: fedha ni haki ya mpewa, kwa hiyo akabidhiwe mwenyewe, au aridhie ilipwe kwa mwenye nyumba, na sheikh aulizwe kabla. Mkataba uandikwe kwa jina la mpangaji, risiti abaki nayo yeye. Wala asiitwe mbele ya safu baada ya swala kutangaziwa sadaka. Mama mmoja mwenye busara amfuate faragha.

Wenye nyumba nao, wengi wao wanaswali nasi. Kupokea kodi ya mwezi mmoja mmoja kwa mwaka wa kwanza hakumfilisi mtu mwenye vyumba sita.

Na asiye na zaka bado ana uwani na jiko. Apike chungu kikubwa kidogo kuliko cha kila siku, awaache watoto wafulie sare kwake na wasomee barazani mpaka magharibi, maana gesti yenye baa si mahali pa binti kufanyia hesabu za shule. Kitanda, kabati na magodoro ya familia hiyo, ambayo sasa yananyeshewa nyuma ya nyumba waliyotolewa, yawekwe stoo kwake hadi chumba kipatikane.