Babu Alikuwa Shaushi: Majina ya Jeshi na Nasaba Zetu



Wasomaji wetu watukufu, juma hili tunapenda kuzungumza juu ya jambo linalozikuta familia nyingi za pwani zinapoanza kuandika nasaba zao. Bibi husema, "Babu yenu alikuwa shaushi," au, "Yule alikwenda na Kariakoo, hakurudi." Kijana huandika kama alivyosikia wala haulizi maana. Maneno haya ya askari wa zamani yana maana zake, na asiyezijua huweza kumpa marehemu jina lisilokuwa lake, hata na tarehe ya kufa isiyokuwa yake.

Kwanza ni vyeo. Ombasha, shaushi, bashaushi na efendi si majina ya watu wala ya kabila. Ni vyeo vya kijeshi vyenye asili ya Kituruki, vilivyopita jeshi la Misri na kuletwa huku na askari wa Kisudani, ambao Wajerumani waliwachukua mwaka 1889, na Waingereza mwaka 1891 kule Uganda. Asili ya ombasha ni mkuu wa watu kumi, nacho ni cheo cha koplo. Shaushi ni sajini, bashaushi yu juu yake, na efendi ni afisa. Basi mkikuta katika hati mtoto ameandikwa "bin Shaushi," msiharakishe kupanda ngazi ya nasaba kwa jina hilo. Huenda karani aliandika cheo akaliacha jina. Nasi tumeamrishwa katika Suratul Ahzab, aya ya 5, kuwaita watu kwa baba zao.

Hata neno askari limebadilika. Leo kijana akilisikia humfikiria bawabu wa langoni. Katika hati za wakati ule maana yake ni mwanajeshi.

Pili ni vikosi, na hapa ndipo penye faida kubwa, kwa sababu jina la kikosi huonyesha wakati. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Waliokuwamo hawakubeba bunduki. Walibeba vyakula na risasi, na wengi wao walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa silaha. Pionia ni wa vita vya pili, wachimbaji wa barabara na wajenzi. Keya ni K.A.R., jeshi lililoundwa mwaka 1902 na kudumu mpaka uhuru. Kwa hiyo neno hilo peke yake halitoshi. Ulizeni alipigana wapi. Akisema Uhabeshi, ni takriban 1941. Akisema Bukini, ni 1942. Akisema Bama, ni 1944 au 1945.

Tena wako wazee wa Mombasa waliopigana bila ya kuwa Keya wala Kariakoo. Mwaka 1914 iliundwa mjini humo Arab Rifles, kikosi cha Waarabu kilichoongozwa na Wavell, Mwingereza aliyeuawa Mwele, Kwale, Januari 1916. Mkilikosa jina la babu katika daftari za K.A.R., msiseme bibi amesahau; labda mmefungua daftari isiyokuwa yake.

Kwa nini tunalishikilia jambo hili? Kwa sababu ya mirathi. Yako mashamba ya minazi ambayo hayajagawanywa hadi leo kwa kuwa mmoja wa wana wa mwenye shamba "alikwenda vitani." Aliyekufa kabla ya baba yake hamrithi, aliyekufa baada yake ana fungu, na fungu hilo huwashukia warithi wake. Ikiwa mzee mwenye shamba alifariki mwaka 1930, basi baina ya mwana aliyekufa na Kariakoo na mwana aliyekufa Bama pana tofauti ya haki nzima ya yatima. Na hati ikisema "amepotea," hiyo si sawa na "ameuawa." Katika sheria yetu huyo ni mafqud, na mali yake haigawanywi mpaka ithibiti kufa kwake au kadhi ahukumu.

Kutokuwamo katika orodha ya waliokufa nako si ushahidi wa uhai. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita vya kwanza hawakuandikwa majina, na wapagazi ni miongoni mwao.

Basi, kina mama, nyinyi ndio wenye kukaa na wazee. Andikeni neno kama lilivyotamkwa, msilifasiri. Litengeni jina na cheo, na cheo na kikosi. Ulizeni vita vipi, nchi gani, na nani alizaliwa au kufa mwaka ule. Hifadhini nishani na vyeti, kwani nambari iliyochorwa ukingoni mwa nishani huweza kumtambulisha mtu. Kisha nendeni Nyaraka za Taifa, Nairobi, mkiwa na maswali yaliyokamilika. Na penye mali, mfikishieni kadhi mliyoyapata.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliozikwa mbali na kwao, na atuwezeshe kumfikishia kila mwenye haki haki yake. Amin.