Gitaa la Besi Liwe na Uzito Gani?

Kuna jambo lililozungumzwa sana bwenini tangu siku ya wazazi ya mwaka 2024, na kwa kuwa wanaolizungumza zaidi ni wale wasiopiga gitaa, naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nami niseme langu. Jambo lenyewe ni gitaa la besi la bendi ya shule yetu. Wako wasemao kwamba gitaa si zito, ila wapigaji wa siku hizi ni legelege. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kanda hilo mimi nimelivaa begani miaka miwili.

Gitaa letu lilichongwa na fundi seremala wa hapa mjini kwa mbao za mvule, nalo ni zuri kutazama. Hakuna mgeni aingiaye chumba cha muziki asilisifu. Uzito wake hatukuujua. Mwisho nililichukua mpaka stoo ya jikoni, kwenye mizani wapimiayo unga wa posho na maharage. Mtunza stoo alicheka sana, lakini alilipima. Kilo tano na nusu.

Siku ile ya wazazi tulisimama jukwaani saa mbili na nusu. Nilipolivua, mkanda ulikuwa umeacha mfereji begani, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa na ganzi mpaka wakati wa kulala. Mimi ni mrefu na nina mwili. Yuko dada mmoja wa kidato cha pili ambaye kwa maoni yangu alikuwa akipiga besi kutupita sisi sote. Yeye alipiga nyimbo nne, akaomba kukaa. Akaambiwa kwamba besi ni kazi ya wenye misuli. Hakurudi tena mazoezini, na sasa yumo katika kwaya. Ndiyo sababu naandika, maana shule inakusudia kuchongesha gitaa la pili, na nasikia litafuata kipimo kile kile cha la kwanza.

Maoni yangu ni haya: gitaa la besi la kupigwa na wanafunzi wakiwa wamesimama lisizidi kilo 4, na likiwa kilo 3 na nusu ni bora zaidi. Sisemi hivi kwa kubahatisha. Magitaa mengi ya besi yatengenezwayo viwandani huwa kati ya kilo 3 na nusu na kilo 4 na nusu, na yale yanayofika kilo 5 huhesabiwa mazito hata na watu wazima ambao kupiga ndiyo kazi yao.

Watu husahau kwamba besi haikuanza kama mzigo wa begani. Kabla ya gitaa la besi wapigaji walitumia lile fidla kubwa kuliko zote, lenye kimo cha kumpita mtu, na uzito wake ni kama kilo 10. Lakini lilisimama chini kwa mguu wake wa chuma. Mpigaji alilishika tu kama mtu aliyemkumbatia rafiki yake. Uzito wote ulibebwa na sakafu. Mwaka 1951 Leo Fender wa California, Marekani, alianza kuuza gitaa la besi la umeme lenye mkanda wa kuvaa. Liliwafaa wapigaji sana, kwa kuwa waliweza kulitia garini na kusafiri nalo, na freti zake ziliwaonyesha mahali hasa pa kubana uzi. Basi mzigo ulipungua zaidi ya nusu, lakini uliondoka sakafuni ukahamia mwilini mwa mtu. Tangu siku hiyo swali la uzito likawa swali la kweli.

Sasa nije kwenye mbao. Kiwiliwili cha gitaa, ukiacha shingo, huchukua mbao za ujazo wa lita 5 hivi. Mita moja ya ujazo ya mvule mkavu ina uzito wa kama kilo 650. Kwa hiyo lita 5 ni kilo 3 na robo, kabla hujatia shingo, vyuma wala nyuzi. Uko mti uitwao musizi, ambao hapa Uganda twaufahamu wote, na mbao zake kavu ni kama kilo 450 kwa mita ya ujazo. Kiwiliwili kile kile kikichongwa kwa musizi kitakuwa kilo 2 na robo. Tumeokoa kilo nzima kwa kubadili mti tu. Nilipomwonyesha fundi hesabu hii alinitazama kwa muda, kisha akasema, “Kijana, mvule una heshima.” Nikamjibu, “Ni kweli Mzee, lakini heshima hiyo naibeba mimi.” Hakukasirika. Alisema tu kwamba shingo hawezi kuitengeneza kwa mbao laini, na hapo yuko sahihi kabisa: nyuzi nne za besi zikikazwa huvuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70, na shingo dhaifu ingepinda kama upinde. Shingo na iwe mvule.

Hata hivyo sitaki wenzangu wadhani kwamba wepesi ndiyo dawa pekee. Niliazima gitaa la kanisa moja lililo karibu nasi, nikalipima kwenye mizani ile ile: kilo 3 na gramu 200. Nilifurahi kupita kiasi. Nilipolivaa, shingo yake ilianza kushuka chini polepole. Kila nilipolegeza mkono wa kushoto, kichwa cha gitaa kilielekea sakafuni, ikawa mkono ule ule wa kubana nyuzi unafanya na kazi ya kushikilia shingo isianguke. Baada ya nusu saa kifundo cha mkono kiliuma kuliko bega lilivyouma kwa gitaa letu la mvule.

Waliowahi kuchukua maji kwa mzega wataelewa upesi. Ukitia ndoo iliyojaa upande mmoja wa mti na ndoo nusu upande wa pili, haikusaidii kwamba jumla ya maji ni kidogo. Utahangaika njia nzima. Gitaa la besi ni mzega wa namna hiyo. Shingo yake ni ndefu, maana urefu wa uzi wa kawaida ni sentimita 86, na mwisho wa shingo pamewekwa funguo nne za chuma za kukazia nyuzi. Tumesoma katika fizikia kwamba gramu 200 zilizo umbali wa sentimita 60 hushindana sawa na gramu 600 zilizo umbali wa sentimita 20. Kwa hiyo funguo nyepesi zafaa kuliko mtu anavyodhani. Na tena kishikizo cha mkanda kisiwe karibu na kitako cha shingo. Pembe ya juu ya kiwiliwili irefushwe ifike usawa wa freti ya 12 hivi. Gitaa la kanisa lilikuwa na pembe fupi kama sikio la kondoo, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Mmarekani mmoja, Ned Steinberger, aliliona tatizo hili akalikata kwa shoka, nadiriki kusema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akiuza besi isiyo na kichwa kabisa. Funguo alizihamishia nyuma, kwenye mkia, na kiwiliwili chake kilikuwa kidogo kama kisanduku. Wengine waliona sura yake haipendezi. Mimi sina shida na sura yake, lakini sidhani fundi wetu atakubali.

Mkanda nao una neno. Mkanda wetu ulikuwa wa begi kuukuu, upana wake sentimita 3. Mwaka huu fundi viatu wa sokoni alinishonea wa ngozi wenye sentimita 9, na gitaa lile lile la kilo tano na nusu nikaweza kulipiga saa nzima bila ganzi. Uzito haukupungua hata gramu moja. Umetandazwa tu juu ya eneo lililo mara tatu ya lile la kwanza. Hili lingefanyika miaka miwili iliyopita, na pengine tusingempoteza mtu. Lakini mkanda hauondoi mzigo wa mgongo, na baada ya saa moja mgongo hudai haki yake.

Wapinzani wangu wana hoja moja ambayo siwezi kuipita kimya. Wasema mbao nzito hufanya sauti ivume muda mrefu, na kwamba gitaa jepesi litalia kama kopo. Kwanza, katika gitaa la umeme sauti huchukuliwa na sumaku zilizo chini ya nyuzi, ndipo ikapelekwa kwenye amplifaya. Mafundi wenyewe hubishana hata leo kuhusu sehemu ya mbao katika kazi hiyo. Pili, Paul McCartney wa Beatles alinunua Hamburg mwaka 1961 besi ya Höfner yenye umbo la fidla, tupu ndani, isiyofika hata kilo 3, naye ameendelea kupiga besi za aina hiyo mpaka uzeeni. Sijasikia mtu akilalamika kwamba analia kama kopo. Tatu, na hii ndiyo kubwa kwangu, katika nyimbo tupigazo sisi, rumba na nyimbo za kanisani, sauti ya besi haiachwi ivume. Unaipiga, kisha unaizima kwa kiganja ili ngoma ipate nafasi. Tutabebaje kilo mbili za ziada kwa ajili ya mvumo ambao tunauzima wenyewe?

Nakubali kwamba tukikaa kitini maneno haya yote hupungua nguvu, kwa kuwa paja hubeba. Ila bendi iliyokaa haichezeshi mtu, na wazazi hawaji kutazama watu waliokaa.

Fundi atakuja shuleni wiki ya kwanza ya muhula ujao kuchukua vipimo. Namwomba Bwana Mwalimu wa muziki amwite siku hiyo yule dada wa kidato cha pili, naye alivae gitaa la zamani mbele ya fundi kwa dakika ishirini, akiwa amesimama, kisha aulizwe yeye pembe ya juu ifike wapi. Mizani ya stoo nimekwisha kuiombea ruhusa.