Ndege tunazo, mzigo wa mkulima utapanda lini?

KILA ndege mpya ya Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL) inapotua Dar es Salaam kwa mara ya kwanza huwa kuna ngoma, hotuba na magari ya zimamoto yakirusha maji juu yake. Sherehe hizo zilianza Septemba 2016 zilipofika Bombardier Q400 mbili. Julai 2018 ikaja Boeing 787-8, maarufu kama Dreamliner, na Desemba mwaka huo Airbus A220-300. Juni 2023 ikatua Boeing 767-300F, ndege ya mizigo yenye uwezo wa kubeba tani 54, na Oktoba mwaka huo huo ikafuata Boeing 737 MAX 9.

Ni jambo la kujivunia. Wengi tunakumbuka miaka ambayo shirika lilibakiwa na ndege moja au mbili, na Desemba 2008 hata cheti chake cha kurusha ndege kilisimamishwa kwa muda. Aliyeliona shirika wakati ule hawezi kudharau lilipofika.

Hata hivyo, ndege hizo zilinunuliwa kwa fedha za Serikali, na fedha za Serikali ni kodi. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, muuza nyanya wa Ilula na mwenye duka la vipuri Kariakoo wote wamechangia. Kwa hiyo wana haki ya kuuliza swali la kibiashara: ndege hizi zinapunguzaje gharama ya kufikisha bidhaa zao sokoni?

Swali hili linakuwa zito zaidi tukitazama vitabu vya hesabu. Kwa mujibu wa ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), ATCL ilipata hasara ya Sh bilioni 56.64 katika mwaka wa fedha 2022/23, na mwaka uliofuata hasara ikapanda hadi Sh bilioni 91.8. Hasara ya shirika la umma hailipwi na mwingine isipokuwa mwananchi yule yule.

Matrekta ya aina tano

Tuanze na ndege zenyewe. ATCL ina Q400, A220, 737 MAX 9, 787-8 na 767 ya mizigo. Kila aina inahitaji marubani waliofundishwa aina hiyo, mafundi wenye leseni ya aina hiyo, na vipuri vyake pekee. Mkulima ataelewa haraka. Mtu mwenye matrekta matano ya aina moja akiharibikiwa na moja, anaweza kuazima kifaa kutoka kwa jingine, na dereva yeyote anaweza kupanda lolote. Mwenye matrekta matano ya aina tano analazimika kuwa na ghala tano za vipuri na madereva wa namna tano. Moja likilala, kazi yake imelala.

Hilo si nadharia tu. Kuanzia 2022 baadhi ya A220 za ATCL zilikaa chini kwa muda mrefu kutokana na matatizo ya injini za kampuni ya Pratt & Whitney, matatizo yaliyoyakumba mashirika mengi duniani. Ndege iliyosimama haiingizi senti, lakini gharama zake haziishi. Kwa ATCL mzigo ulikuwa mzito zaidi kwa sababu ndege zilinunuliwa na Serikali kupitia Wakala wa Ndege za Serikali, kisha shirika likakodishiwa. Mpangaji hudaiwa kodi hata siku ambayo duka limefungwa.

Kwa upande wa pili, Precision Air, iliyoanzishwa 1993, imejengwa kwa miaka mingi juu ya ndege za familia moja, ATR 42 na ATR 72. Shirika hilo nalo limepita kwenye hasara na majonzi, ikiwamo ajali ya Novemba 6, 2022 pale Bukoba iliyoua watu 19. Lakini katika suala la aina ya ndege, mpango wake ni rahisi kuuhudumia kuliko wa shirika la Taifa.

Kwa nini mboga zinapitia Namanga

Sasa tuje kwenye ruti. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maua na mboga za Arusha na Kilimanjaro imekuwa ikipakiwa kwenye malori yenye majokofu, ikivuka Namanga na kwenda kupandishwa ndege Nairobi. Yote haya yanatokea wakati Uwanja wa Kilimanjaro (KIA), uliofunguliwa 1971, upo jirani kabisa na mashamba hayo.

Wapo wanaosema ni ukosefu wa uzalendo. Si kweli. Msafirishaji anakwenda Nairobi kwa sababu pale kuna ndege nyingi za kampuni nyingi. Akikosa nafasi kwenye moja, usiku huo huo atapata nyingine. Kampuni zinaposhindana, bei ya kilo hushuka. Maharage machanga na maua hayasubiri mwisho wa wiki, na anayeyauza hufuata uwanja wenye uhakika, hata kama uko nje ya mipaka.

Ruti hazijengwi kwa ramani ya ukutani, zinajengwa kwa mzigo wa kwenda na wa kurudi. Tuchukue mfano wa hesabu, kwa tarakimu za kufikirika tu. Tuseme safari ya ndege ya tani 54 kwenda na kurudi inagharimu Sh milioni 270. Ikienda imejaa na kurudi tupu, kila kilo inabeba Sh 5,000. Ikienda imejaa na kurudi imejaa, kila kilo inabeba Sh 2,500. Lakini ikienda na nusu ya mzigo na kurudi tupu, kilo moja inafikia Sh 10,000. Ndege, mafuta na rubani ni wale wale. Kilichobadilika ni mpango wa mzigo tu.

Hapa ndipo mkulima na mfanyabiashara mdogo wanapokutana bila kujuana. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayenunua simu, nguo na vipuri Dubai au Guangzhou ndiye anayeweza kumlipia mkulima nusu ya nauli ya mzigo. Nyama ya mbuzi, mboga na matunda kwenda nchi za Ghuba, na bidhaa za dukani kurudi Dar es Salaam. Kaa hai, kamba kochi na mabondo ya sangara kwenda China, na vipuri kurudi. Anayepanga ruti bila kuwaweka hawa wawili kwenye karatasi moja atarusha hewa upande mmoja.

Tuseme pia ukweli kwamba si kila zao linafaa kuruka. Parachichi la Njombe na Rungwe linaweza kusafiri majini kwa wiki kadhaa ndani ya kontena lenye jokofu, na soko la China lililofunguliwa kwa zao hilo mwaka 2022 litahudumiwa zaidi na meli. Mkulima wa parachichi asidanganywe kwamba ndege ndiyo itakayomtoa. Ndege ni ya bidhaa nyepesi, ya bei kubwa kwa kilo, na inayoharibika haraka: maua, mboga changa, minofu ya sangara ya Mwanza, nyama iliyopoozwa, viumbe hai wa majini. Ndani ya nchi kuna vifaranga wa siku moja, chanjo za mifugo na vipuri vya dharura.

Ubia gani tunautaka

Jambo la tatu ni ubia, na hapa tuna historia ya kutosha kujifunza. Mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilivunjika, na Tanzania ikaanzisha shirika lake. Mwaka 2002 Serikali ikauza asilimia 49 ya hisa kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini kwa Dola milioni 20 za Marekani. Mwaka 2006 ndoa ikavunjika. Malalamiko makubwa yalikuwa kwamba abiria wa Tanzania waligeuzwa mto wa kuijaza Johannesburg, huku hasara ikibaki Dar es Salaam.

Kosa halikuwa kutafuta mbia. Kenya Airways ilipata mbia 1996, KLM ilipochukua asilimia 26 ya hisa, na kwa miaka kadhaa uhusiano huo uliipa Nairobi njia pana ya kuingia Ulaya. Lakini nao si dawa ya kila ugonjwa, kwani Kenya Airways ilikuja kutangaza hasara ya Sh bilioni 25.7 za Kenya katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015. Shirika hilo hilo lilikuwa limenunua asilimia 49 ya Precision Air mwaka 2003. Ethiopian Airlines nayo ilichukua asilimia 49 ya shirika jipya la Malawi mwaka 2013, na asilimia 45 ya lile la Zambia lililorejea angani Desemba 2021.

Funzo ni kwamba mbia mkubwa huvuta mzigo kuelekea nyumbani kwake. Ndivyo biashara ilivyo, wala si dhambi. Mwenye kosa ni yule anayesaini mkataba bila kuandika ndani yake mzigo wake utapita wapi, kwa bei gani na siku zipi.

Kwa mtazamo wangu, Tanzania haihitaji haraka ya kuuza hisa nyingine. Inahitaji mikataba ya kubebeana mizigo na mashirika ambayo tayari yanatua kwenye viwanja vyetu. Hoja hii imepata uzito baada ya Desemba 2024, Umoja wa Ulaya ulipoiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa katika anga lake, na Juni 2025 ukapanua katazo hilo kwa mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania. Katazo ni la ndege zetu, si la maua yetu. Katika hali kama hiyo, mkulima wa Arusha anaweza kufika Amsterdam kwa ndege ya mwingine tu. Tukikaa tunalalamikia orodha, maua yatanyauka. Mamlaka ya Usafiri wa Anga irekebishe yaliyoonekana na wakaguzi, na wakati huo huo shirika lifanye kazi ya kukusanya mzigo na kuukabidhi kwa wenye kibali.

Yanayowezekana sasa

Ningependekeza mambo manne, na yote hayahitaji ndege mpya.

Kwanza, vyumba vya ubaridi. Mboga iliyovunwa alfajiri na kusubiri kwenye jua la uwanjani hadi jioni imeshapoteza bei kabla ya kupaa. Fedha za kununua ndege moja kubwa zingetosha kujenga vyumba vya ubaridi na sehemu za kupakia KIA, Mwanza na Songwe, ambao ulifunguliwa Desemba 2012 na uko jirani na mashamba ya Nyanda za Juu Kusini.

Pili, ratiba ya mizigo inayoheshimiwa. Mkulima hapandi kwa ahadi. Maharage machanga huvunwa takriban miezi miwili tangu kupandwa, kwa hiyo anayepanda leo anahitaji kujua ndege itakuwepo wiki ya tisa. Ni afadhali safari moja kwa wiki isiyokosa kuliko tatu zinazoahirishwa. Ndege ikiahirishwa, mkataba useme nani analipa mzigo uliooza. Kwa kawaida anayebeba hasara hiyo ni mdogo kuliko wote mezani.

Tatu, bei iwe wazi. Bei ya kilo moja kwa kila ruti ibandikwe kwa shilingi, kwenye ofisi za shirika na kwenye ofisi za ushirika. Mkulima anapojua kilo inagharimu kiasi gani hadi Muscat au Dubai, anaweza kupiga hesabu kabla ya kulima. Asipojua, atategemea neno la dalali.

Nne, mizigo midogo ikusanywe. Mkulima mwenye kilo 300 hawezi kukodi nafasi peke yake, lakini ishirini kama yeye wana tani sita. Chama cha TAHA chenye makao Arusha kimeonyesha kwamba wakulima wa mboga, matunda na maua wanaweza kuunganishwa na kusafirisha kwa pamoja. Wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo nao wafanye hivyo kwa mzigo wa kurudi. Shirika litajadiliana vizuri zaidi na kikundi chenye tani kuliko na watu mia wenye vifurushi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shirika la ndege lisihesabu idadi ya ndege zilizopokewa tu. Lihesabu tani zilizoondoka, tani zilizorudi, na shilingi aliyobaki nayo mzalishaji baada ya kulipa usafiri. Wabunge wanapopokea ripoti ya CAG kila mwaka, waulize hesabu hizo tatu kwa kila ruti. Ruti isiyojibu ipunguzwe au ikabidhiwe mbia mwenye uwezo. Inayojibu iongezewe safari, hata kama si ya kifahari na haina picha nzuri ya kuweka kwenye kalenda.