MAHARUSI DARAJA LA MUNGU, WAGENI GESTI: HIYO NI HARUSI AU SHUTINGI?

Picha zilikuwa kali, hilo halina ubishi. Staa wa Bongo Fleva na mchumba wake wamekumbatiana Daraja la Mungu, mto Kiwira unapita chini ya mwamba, kijani kila upande. Nyingine wapo katikati ya chai, ukungu umeshuka, utadhani wamekodi mawingu. Maelezo chini ya picha: nyumbani ni nyumbani. Mioyo na moto vikamwagika kwenye komenti.

Sasa upande wa pili wa picha. Wageni zaidi ya thelathini waliotolewa Dar kuja kwenye harusi hiyo waliziona picha hizo wakiwa wamejikunyata gesti mjini Tukuyu, koti mwilini, bando inaelekea kuisha. Ilikuwa Ijumaa. Walifika Alhamisi, harusi Jumamosi. Daraja la Mungu lipo umbali wa kama kilomita 20 tu kutoka pale walipolala. Hakuna aliyeambiwa. Hakuna aliyepelekwa.

Na usafiri ulikuwepo! Coaster iliyowapokea uwanja wa ndege wa Songwe ilipaki nje ya gesti tangu Alhamisi jioni, dereva analala siti ya nyuma. Imeshalipiwa siku zote nne. Mpiga picha na vijana wake wakapewa Noah. Wageni wakapewa kreti za bia na maneno ya "jisikieni mpo nyumbani".

Matokeo yake yanajulikana. Ijumaa saa kumi jioni vijana wameshalewa, wawili wanataka kupigana kwa sababu ya chaja. Dada mmoja akajirekodi dirishani, mvua inanyesha, akasema Tukuyu hakuna kitu, ni mvua na ndizi tu. Klipu ikatembea kuliko hata picha za maharusi. Wenyeji wa Rungwe wakaja juu, dada wa watu akaoga matusi siku mbili.

Wamemuonea. Mwenye kosa ni mwenye shughuli.

Mtu huyo alichanga tangu kadi ya kwanza. Alichukua ruhusa kazini, akashona sare. Kutoka Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, halafu kuna nyingine kama 70 za kupanda na kushuka mpaka Tukuyu. Akifika anafungiwa chumbani kama mzigo unaosubiri Jumamosi. Angejuaje kilichopo nyuma ya ile mvua? Mvua ya Tukuyu haina siri, ni moja ya sehemu zinazonyeshewa sana nchi hii, na ndiyo inayofanya kila kitu kiwe kijani. Ila mgeni haambiwi na dirisha. Anaambiwa na mwenyeji.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wanapenda kuukumbuka msemo huo pale kwenye jembe tu. Zile siku mbili za mwanzo zina mwenyewe, naye ni mwenyeji. Alhamisi na Ijumaa zilikuwa deni la maharusi.

Utetezi uliosikika ni ule ule: kamati ilikuwa bize, bajeti ilibana. Bajeti gani? Keki ilikuwa na ngazi kama ghorofa za Kariakoo. MC alitoka Dar na msaidizi wake. Kulikuwa na droni. Mafuta ya Coaster kwenda kilomita 20 na kurudi hayafiki hata bei ya ngazi moja ya ile keki. Na kwenye kamati ya watu kumi na tano, wa vinywaji wapo watatu, wa mapambo wanne, wa kuwajua wageni wameamkaje hayupo hata mmoja.

Kinachouma zaidi ni kijijini. Upande wa bibi harusi, wazee walishakata mikungu ya ndizi, wakijua Ijumaa wageni wa mkwe watafika kusalimia. Kina mama wakapika. Wakasubiri mpaka giza. Jumamosi ukumbini wakawekwa meza za nyuma, halafu mashamba yao yakapitishwa kwenye skrini kubwa kama mapambo. Yaani chai yao ilifaa kupigwa picha, ila ndizi zao hazikufaa kuliwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Hapo mwenyeji hakupona. Bodaboda hakupata, muuza parachichi hakupata, kijana wa kuongoza watu msituni hakupata. Waliopata ni wenye gesti na duka la bia.

Na wilaya yenyewe haina uhaba wa pa kwenda. Ziwa Ngozi linatajwa kuwa la pili kwa ukubwa Afrika kati ya maziwa ya kreta, ila lina kupanda kwake msituni na matope, hilo ni la vijana wenye mapafu. Kijungu, ambapo mto Kiwira unachemka kwenye mashimo ya miamba, ni njia moja na Daraja la Mungu. Kusini kuna maporomoko ya Kaporogwe, yenye pango nyuma ya maji. Ziwa Masoko lina hadithi ya hela za Wajerumani zilizotupwa majini wakati wa Vita vya Kwanza. Mlima Rungwe wenyewe, unaokaribia mita 3,000, ndio wenye msitu wa kipunji, yule kima aliyetangazwa duniani mwaka 2005. Na anayetaka ufukwe, Matema ipo Ziwa Nyasa, wilaya ya jirani Kyela. Hiyo ndiyo "hakuna kitu".

Hakuna anayedai maharusi wageuke kampuni ya utalii. Kuna harusi nyingine zina kosa la upande wa pili: wageni wanaamshwa saa kumi na mbili, wanapangwa mstari kama shule ya bweni, asiyepanda basi ananuniwa. Muda huru ubaki kuwa huru. Anayetaka kulala alale, kasafiri mbali.

Kinachotakiwa ni kidogo. Wiki moja kabla, ujumbe kwenye grupu la WhatsApp: njooni na sweta, koti la mvua na viatu vya matope. Ijumaa Coaster inaondoka saa tatu, anayetaka apande. Binamu mmoja anayeijua njia akae mbele, na bei ya kiingilio na ya muongozaji iulizwe mapema ili mgeni asikamuliwe. Ngozi isiwekwe Jumamosi asubuhi, mtu asije akaingia kanisani anachechemea. Mvua ikigoma kuacha, gari liende kijijini kwa wakwe. Sufuria la ndizi, chai ya moto na babu mwenye stori vinamaliza mchana mzima bila senti ya droni.

Hayo yangefanyika, yule dada angerekodi klipu nyingine kabisa. Angekuwa amelowa, ana ndizi mkononi, anawaonyesha wa Dar walichokosa. Tangazo la bure kwa Rungwe, heshima kwa wakwe.

Badala yake staa ana picha mia mbili nzuri, na wageni thelathini ambao mwakani akiwaita kwenye ubatizo wa mtoto watatuma mchango kwa simu na kubaki zao Dar.

Wadau, mwenye kosa nani hapo?