Nani Aliyevumbua Cherehani?

Cherehani ni chombo kinachojulikana karibu na kila mtu. Mashambani na mijini, sokoni na barazani mwa maduka, fundi huonekana ameinama juu yake, miguu ikikanyaga na gurudumu likizunguka, na nguo ambayo ingeshonwa kwa mkono kwa siku mbili huwa tayari kabla ya jua kuchwa. Lakini mtu akiuliza ni nani aliyekivumbua chombo hiki, wengi hujibu upesi, "Ni Singer," kwa kuwa ndilo jina walilolizoea kuliona limeandikwa ubavuni mwake. Jibu hilo si kweli. Bwana Singer hakuwa wa kwanza, wala hakuwa wa pili. Cherehani ilitoka katika akili za watu wengi wa nchi mbalimbali, na habari zao zina mafundisho makubwa kwa kila mtu afanyaye kazi kwa mikono yake au kwa kalamu yake.

SHIDA YA SINDANO

Kwanza yafaa kufahamu shida iliyowasumbua watu hao. Mtu ashonaye kwa mkono huipitisha sindano nzima katika kitambaa, huishika upande wa pili, kisha huirudisha. Mkono una vidole vya kuikamata sindano, chuma hakina. Kwa muda mrefu wavumbuzi walijaribu kukifundisha chuma kufuata mwendo wa mkono wa mtu, wakashindwa.

Siri ilikuwa kulihamisha tundu la sindano kutoka kichwani na kuliweka karibu na ncha. Sindano ya namna hiyo haina haja ya kupita yote. Huzama kidogo pamoja na uzi wake, na inapoanza kupanda tena, uzi hulegea na kufanya kitanzi chini ya kitambaa. Hapo kidude kidogo chenye uzi wa pili hupita katika kitanzi hicho, kama mfumaji apitishavyo uzi wake katika mtande. Nyuzi mbili hukamatana katikati ya kitambaa, na mshono huo haufumuki upesi hata ukivutwa.

MASHINE ZILIZOVUNJWA PARIS

Katika mwaka wa 1790 Mwingereza mmoja, Thomas Saint, fundi wa samani, alipewa na serikali yake hati ya uvumbuzi kwa ajili ya mashine ya kushonea ngozi. Hati ya uvumbuzi ni karatasi ya serikali inayowakataza watu wengine kukitengeneza au kukiuza kitu kilichovumbuliwa, kwa muda wa miaka maalumu, bila idhini ya mvumbuzi. Lakini michoro ya Saint ilikaa katika makabati ya serikali bila kutazamwa, hata ilipoonekana tena mwaka wa 1874 watu walikuwa wamekwisha kupata cherehani kwa njia nyingine.

Aliyeitia mashine kazini kwa mara ya kwanza ni Mfaransa, Barthélemy Thimonnier, mshonaji wa nguo aliyekuwa maskini. Alipewa hati yake mwaka wa 1830. Mashine yake ilikuwa ya mti, nayo ilishona kwa uzi mmoja, kwa sindano yenye kulabu, ikifanya mishono iliyoshikana kama mnyororo. Serikali ya Ufaransa ilikuwa ikihitaji nguo za askari, na kabla ya miezi mingi kupita mashine 80 zilikuwa zikifanya kazi katika karakana moja mjini Paris.

Washonaji wa mji ule walipoziona waliingiwa na hofu. Walisema kwamba mashine moja itawanyang'anya watu wengi chakula chao. Katika Januari ya mwaka wa 1831 kundi kubwa lao liliivamia karakana na kuzivunja mashine zote. Thimonnier alikimbia, akarudi kwao. Alijaribu tena na tena kuitengeneza mashine iliyo bora zaidi, lakini alikufa mwaka wa 1857 hali ni maskini kama alivyozaliwa.

HUNT NA BINTI YAKE

Miaka ile ile, katika mji wa New York, nchi ya Marekani, alikuwapo fundi mwenye akili nyingi mno, jina lake Walter Hunt. Kati ya mwaka wa 1832 na 1834 Hunt alitengeneza mashine yenye sindano ya tundu nchani na nyuzi mbili, yaani siri ile ile iliyoelezwa hapo juu. Kwa haki yeye ndiye aliyefika kwanza.

Lakini Hunt hakuomba hati ya uvumbuzi. Inaelezwa ya kuwa alimshauri bintiye Caroline, msichana wa miaka 15, aanzishe kazi ya kushona kwa mashine hiyo. Binti akakataa, akisema kwamba chombo kile kitawaharibia riziki wanawake maskini waishio kwa sindano. Hunt aliuza haki yake kwa mtu mwingine, na huyo naye hakuishughulikia. Mashine ikawekwa kando, ikapata kutu. Hunt alikuwa mtu wa kuvumbua, hakuwa mtu wa kutunza. Ndiye aliyevumbua pini ile ijifungayo ambayo akina mama huitumia kufungia nepi za watoto, na mwaka wa 1849 aliiuza haki ya pini hiyo kwa dola 400 tu, wakati wengine walijipatia mali nyingi kwayo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

TAABU ZA ELIAS HOWE

Mtu wa tatu ni Elias Howe, aliyezaliwa mwaka wa 1819 katika jimbo la Massachusetts. Tangu utoto alikuwa na kilema cha mguu, na mwili wake haukuwa na nguvu. Alifanya kazi katika karakana ya fundi mmoja mjini Boston, na huko akasikia watu wakizungumza ya kwamba atakayetengeneza mashine ya kushona atakuwa tajiri. Neno hilo likamkaa moyoni. Mshahara wake ulikuwa dola 9 kwa juma, naye alikuwa na mke na watoto watatu. Jioni, akiwa amechoka, alimtazama mkewe akiwashonea majirani nguo ili wapate chakula, akaufuata mwendo wa mkono wake.

Rafiki yake, George Fisher, mwuza makaa na kuni, alikubali kuilisha jamaa yake na kumpa dola 500 kwa mapatano ya kugawana faida. Katika mwaka wa 1845 mashine ilishona. Howe aliipeleka Boston, akashindana na wasichana watano waliosifiwa kwa wepesi wao. Kila msichana alipewa mshono mmoja, naye Howe akapewa mishono mitano. Aliimaliza yote kabla ya wasichana kumaliza mmoja mmoja wao. Watu walistaajabu, lakini hakuna aliyenunua. Mashine iligharimu dola 300 hivi, na wenye maduka ya nguo waliogopa hasira za wafanya kazi wao.

Hata hivyo Howe alifanya jambo ambalo Hunt hakulifanya: aliomba hati ya uvumbuzi, akapewa tarehe 10 Septemba, 1846. Kisha nduguye Amasa aliipeleka mashine London, akamwuzia Bwana William Thomas haki ya Uingereza kwa pauni 250. Howe mwenyewe alivuka bahari kwenda kumfanyia Bwana huyo kazi, lakini hawakupatana. Alilazimika kuwatanguliza mke na watoto kurudi kwao, akaiweka rehani mashine yake ya mfano pamoja na ile hati ya uvumbuzi, na alipopata nafasi ya kurudi melini akasafiri kwa kuwapikia abiria. Alifika mwaka wa 1849 hana kitu mfukoni, akapata habari kwamba mkewe yu mahututi kwa kifua kikuu. Alimwahi kabla hajafa, na siku ya mazishi alivaa nguo za kuazima.

SINGER AINGIA

Katika huzuni hiyo Howe aligundua kuwa mashine za kushona zilikuwa zimeanza kuuzwa Marekani, na nyingi zilikuwa na sindano yake. Aliyesifika kupita wote alikuwa Isaac Merritt Singer, aliyezaliwa mwaka wa 1811, mtu mrefu, msemaji hodari, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mchezaji wa michezo ya kuigiza. Mwaka wa 1850 alikuta katika karakana moja mjini Boston mashine za kushona zilizoletwa kutengenezwa kila mara kwa kuharibika. Akazitazama, akaeleza namna ya kuziboresha. Kwa maelezo yake mwenyewe, kazi hiyo ilimchukua siku 11 na dola 40. Inasimuliwa kwamba usiku wa mwisho mashine ilishona ovyo, vitanzi vimelegea, wasaidizi wakaondoka kwa kukata tamaa. Singer na mwenzake wakatoka kwenda zao, wakaketi njiani juu ya rundo la mbao, ndipo walipokumbuka kwamba hawakuukaza uzi wa juu. Wakarudi, wakaukaza, na mashine ikashona sawasawa.

Mashine ya Howe iliisukuma sindano kwa upande, na kitambaa kilining'inizwa wima, kikashona mstari mfupi tu, kisha ilibidi kukipanga upya. Singer aliifanya sindano ipande na kushuka, akakilaza kitambaa juu ya meza, akaweka mguu wa kukigandamiza, na kanyagio ili mikono yote miwili iwe huru. Hati yake ilitolewa tarehe 12 Agosti, 1851.

VITA VYA MAHAKAMANI

Howe alimdai Singer dola 25,000. Singer alikataa. Wakili wake alitafuta njia ya kuivunja hati ya Howe, na njia hiyo ikawa ni mzee Walter Hunt. Mabaki ya mashine yake ya kale yalitafutwa, yakasafishwa kutu, na Hunt akaomba hati yake baada ya miaka karibu 20. Mwaka wa 1854 uamuzi ulitolewa. Mkuu wa ofisi ya hati alikubali kwamba Hunt ndiye aliyetangulia, lakini kwa kuwa aliuacha uvumbuzi wake kwa muda mrefu bila kuuandikisha, haki ilibaki kwa Howe. Singer akalipa dola 15,000. Mwaka wa 1858 Singer alipatana na Hunt kumlipa dola 50,000, lakini mzee huyo alikufa mwaka wa 1859 kabla ya kuzipokea.

Mashitaka hayakwisha. Bwana Allen B. Wilson alikuwa amevumbua meno yanayokisogeza kitambaa, na kampuni ya Grover na Baker ilikuwa na hati zake. Kila mmoja alikuwa na kipande ambacho mwenziwe hawezi kutengeneza cherehani njema bila hicho, na kila mmoja alimshitaki mwenziwe. Mwaka wa 1856, katika mji wa Albany, kampuni tatu pamoja na Howe zilipatana kuziweka hati zao pamoja. Kila mtengenezaji alilipa dola 15 kwa kila mashine, na Howe alipata dola 5 kwa kila moja iliyouzwa Marekani. Mtu yule aliyezika mke kwa nguo za kuazima akawa tajiri mkubwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea Marekani alijiandikisha kuwa askari wa kawaida, na mishahara ilipokawia aliwalipa askari wenzake kwa fedha zake. Alikufa Oktoba 1867, muda wake wa hati ukiwa umekwisha mwezi mmoja tu.

Kampuni ya Singer ilishinda nyingine kwa biashara. Tangu mwaka wa 1856 iliwaruhusu watu kuchukua mashine kwa malipo ya kwanza madogo na kuimaliza bei kidogo kidogo kila mwezi. Baadaye ilijenga kiwanda kikubwa sana Clydebank, Scotland, kilichofanya kazi tangu miaka ya 1880 mpaka mwaka wa 1980, na cherehani zake zilisafirishwa pande zote za dunia.

JE, HOFU ILIKUWA YA BURE?

Msomaji atauliza kama washonaji wa Paris na binti Caroline walikosea. Kampuni moja ya Marekani ilipima mwaka wa 1861, ikaona kwamba shati la mwanamume lililochukua zaidi ya saa 14 kushonwa kwa mkono lilichukua saa moja na dakika 16 kwa mashine. Nguo zikawa rahisi, na mtu wa kawaida akaweza kuwa na shati la kubadilisha. Kazi haikwisha, bali iliongezeka, kwa kuwa watu walinunua nguo nyingi zaidi. Lakini ni kweli pia kwamba wanawake wengi waliokusanywa viwandani walifanya kazi saa nyingi kwa ujira mdogo, kwa sababu faida ya wepesi ule haikuwafikia wao. Mashine haikuwa adui yao. Wala peke yake haikuwaletea haki.

Basi, atakayeketi mbele ya cherehani leo aitazame vizuri. Tundu lililo nchani mwa sindano ni akili ya Hunt, na hati iliyolilinda ni ya Howe. Mguu unaokigandamiza kitambaa na kanyagio ni vya Singer. Meno yaliyo chini ni ya Wilson. Jina moja tu ndilo lililoandikwa ubavuni, lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Na yeyote aliye na fikira njema, awe mkulima aliyebuni jembe jepesi au fundi aliyepata njia mpya, akumbuke mzee Hunt, aiandike na kuiandikisha mapema.