Dahalia Isiwe Kitanda Tu

Kila mwaka vijana wa Unguja na Pemba huingia vyuoni kusomea kilimo. Wapo waliokipenda tangu utotoni, na wapo waliokifuata kwa kuwa ndiyo nafasi waliyoipata. Wote huulizwa na jamaa zao swali moja: ya nini kusoma miaka yote hiyo ili mtu arudi kushika jembe? Kijana aliyepanga chumba cha peke yake mjini hana wa kumsaidia kulijibu, na aghalabu moyo wake hukitoka kilimo kabla hata mwaka wa kwanza haujamalizika.

Sisi tunaona kuwa dawa ya jambo hili haimo darasani peke yake, bali pia katika makazi.

Baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani huwaweka wanafunzi wa mwaka wa kwanza wenye nia ya kilimo katika dahalia moja. Husoma baadhi ya masomo pamoja, wakaongozwa na mwanafunzi aliyewatangulia na mwalimu aliye karibu nao. Fikra ya kuyaunganisha makazi na masomo si ngeni huko. Mwaka 1927 Alexander Meiklejohn alifungua chuo cha majaribio ndani ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambamo wanafunzi waliishi na kusoma pamoja. Hakikuwa cha kilimo, na kilifungwa mwaka 1932, wanafunzi wakiwa wamepungua na uchumi ukiwa katika dhiki. Lakini fikra yenyewe haikufa.

Hapa kwetu mahali panapofaa papo. Skuli ya Kilimo ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar iko Kizimbani, penye mashamba. Na kilimo hakifuati ratiba ya darasa. Miche humwagiliwa alfajiri, baadhi ya wadudu waharibifu hula usiku, na mvua ya vuli haimngoji mwanafunzi aliyekwama kituo cha daladala.

Dahalia yenye vitanda tu ni mahali pa kulala. Tunalopendekeza ni zaidi ya hapo: wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kilimo wakae pamoja, Mpemba na Muunguja; wapewe ngwe yao wenyewe; waamue wenyewe wapande nini, waweke hesabu, na mauzo yawe yao. Jioni moja kila wiki aalikwe bibi shamba, mkulima wa mpunga wa Cheju, au mama anayelima mwani, wazungumze naye. Haya hayahitaji jengo jipya. Yanahitaji mpango, na mwalimu atakayepunguziwa vipindi ili ausimamie.

Tunatanabahisha mambo mawili. Kwanza, shamba lisigeuzwe adhabu. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Mwalimu Nyerere, uliotolewa mwaka 1967, ulitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba lao. Lakini mahali pengi walibaki kulimishwa tu, wakatoka skuli wakilichukia jembe. Pili, wazazi wana haki ya kuhakikishiwa usalama na stara ya mabinti zao. Dahalia ya wasichana iwe na msimamizi mwanamke anayeishi hapo hapo, la sivyo mpango huu utawanufaisha wavulana peke yao.

Watakaosema fedha hazipo tunawakumbusha kuwa sehemu kubwa ya mchele unaoliwa Visiwani hutoka nje, nao hulipiwa kila meli inapotia nanga. Mtaalamu wa kilimo anayekiacha kilimo ni gharama pia, ingawa haimo katika vitabu vya Hazina.

Tunaziomba Wizara ya Elimu na Wizara ya Kilimo zikae pamoja na uongozi wa chuo, waanze na kundi moja dogo, kisha wayapime matokeo yake kwa uwazi. Mche hutunzwa kitaluni kwanza ndipo ukapelekwa shamba. Na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza bado ni mche.